Mapitio ya ULEZ ya London kwa sisi tunaoingia kazini usiku tukitokea Kent

Kila akija mtu mpya toka nyumbani kuanza kazi ya kutunza wazee huku ananiuliza, dada, nikinunua gari nijiandae kulipa nini na nini, na mi kila siku naanza na ULEZ, ile tozo ya London kwa gari zenye moshi mchafu, kwa sababu hii inaweza kukumaliza mfukoni kabla hata bima haijakufikia. Kwa hiyo nimeona niandike mapitio kabisa, kama watu wanavyoandika ya hoteli au ya simu, maana hii nayo ni huduma, unailipia, ina tovuti, ina akaunti, ina masharti yake, na mimi ni mteja wake toka siku ilipofika upande wetu, tarehe 29 Agosti 2023. Naipa nyota mbili kati ya tano na ntaeleza kwanini sio moja na kwanini sio nne.

Kwa ambaye hajaisikia, ni eneo ambalo gari ikiwa na injini inayotoa moshi kupita kiwango inalipa pauni 12.50 kwa siku, saa 24, mwaka mzima kasoro siku ya Krismasi tu. Ilianza Aprili 2019 katikati ya jiji, Oktoba 2021 ikasogea mpaka kwenye zile barabara mbili za mzunguko, North Circular na South Circular, alafu Agosti 2023 ikafunika halmashauri zote za London mpaka huku pembezoni. Hamna geti wala askari wa kukusimamisha, ni kamera tu juu ya nguzo inasoma pleti namba na we mwenyewe ndo ukumbuke kulipa, mwisho wake saa sita usiku ya siku ya tatu baada ya siku uliyopita. Wanatumia viwango vya Ulaya vya moshi wa injini, vinaitwa Euro na namba. Petroli inapita kama ni Euro 4, yani nyingi za kuanzia 2006, ila dizeli mpaka iwe Euro 6, nyingi ni za kuanzia Septemba 2015. Yangu ilikuwa dizeli ya 2013. Ikawa inalipa.

Nianze na mazuri kwanza. Ile sehemu ya kuangalia kama gari yako inatakiwa kulipa iko wazi, unaandika pleti namba unapewa jibu hapohapo, na kabla hujanunua gari yoyote huku naomba fanya hivyo ukiwa umesimama mbele ya muuzaji, usikubali neno la mdomo. Kujisajili malipo ya kujikata yenyewe ni bure, na ukishajisajili kamera ikikuona hela inaingia kwenye bili yako ya mwezi. Mi mwanzoni sikujisajili, nilikuwa nalipa kwa mkono kila siku, sasa kuna wiki mwanangu aliumwa nikasahau siku moja tu, ikaja barua ya pauni 180, ukiwahi ndani ya siku 14 unalipa 90. Nililipa 90. Hiyo ni hela ya manunuzi ya chakula ya wiki nzima nyumbani kwangu na zaidi. Alafu angalieni na hili, ukitafuta kwenye intaneti sehemu ya kulipia kuna tovuti za wajanja zinatokea juu kabisa, zinakulipia kweli ila zinajiongezea na chao, we nenda kwenye ile rasmi tu.

Sasa tuje kwenye mpaka. Mi nakaa Dartford, ambayo ni Kent, na kazi yangu iko Bexley, ambayo ni London. Ukitoka Dartford kwenda Crayford unapita nyumba zilezile za matofali, duka la chipsi, kituo cha mafuta, vituo vya basi, alafu ghafla kuna kibao cha kijani kimeandikwa ULEZ, basi. Mwendo wa dakika chache toka kwangu. Usiku taa za gari zikikipiga kinang'aa na mi kila nikikipita nilikuwa nahesabu kichwani, tayari kumi na mbili na nusu. Mtu anayekaa nyumba ya kabla ya kibao anavuta hewa ileile ya anayekaa nyumba ya baada ya kibao, barabara ni moja, malori ni yaleyale. Lakini yule wa baada ya kibao ana meya anayempigia kura, na sisi wa Kent hatumpigii. Unatozwa kila siku na uongozi ambao huwezi kuuchagua wala kuukataa, hilo peke yake linanikera kuliko hata hela yenyewe. Sio mimi tu niliyekerwa na ULEZ, halmashauri nne za London za pembezoni, Bexley, Bromley, Harrow na Hillingdon, pamoja na kaunti ya Surrey ambayo iko nje ya London kabisa, walienda Mahakama Kuu kupinga upanuzi, wakashindwa tarehe 28 Julai 2023. Siku nane kabla ya hapo kulikuwa na uchaguzi mdogo Uxbridge, pembezoni upande wa magharibi, chama cha Labour, chama cha huyo meya, walitegemewa na wengi kuchukua kiti wakakikosa kwa kura 495 tu, na wengi walisema ni ULEZ.

Na hapa ndo pale ambapo nataka mnisikilize vizuri kwa sababu sijaona watu wakiliongelea inavyostahili. Siku ya ULEZ inahesabiwa saa sita usiku mpaka saa sita usiku. Sasa mi naingia kazini saa tatu usiku natoka saa moja asubuhi. Nikivuka kibao Jumanne usiku nimelipa Jumanne, nikirudi nyumbani Jumatano asubuhi nimelipa Jumatano. Zamu moja, kwenda na kurudi, pauni 25. Mwenzangu wa mchana anaingia saa moja asubuhi anatoka saa moja jioni, gari kama yangu, njia ileile, wazee walewale, analipa 12.50. Kwa zamu tatu za kutawanyika, tuseme Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, mi ni pauni 75 kwa wiki, yeye 37.50. Nikakaa chini na kalamu nikagundua zamu zikifuatana inapungua, kwa sababu ile asubuhi unayotoka na ile jioni unayorudi ni siku moja, kwa hiyo Jumanne Jumatano Alhamisi mfululizo ni siku nne badala ya sita, pauni 50. Nikamwomba mpangaji wa zamu anipangie mfululizo. Alinielewa, akanipangia miezi kadhaa, ila usiku wa tatu nilikuwa naingia mwili umeisha kabisa, unamgeuza mzee kitandani na mikono inatetemeka, nikaona hapana, siwezi kumwangusha mtu kwa ajili ya pauni 25. Nikarudi kwenye zamu za kutawanyika na nikawa nalipa.

Hebu fikirieni nani anaendesha gari saa tatu usiku na saa moja asubuhi. Ni manesi, ni watunza wazee, wasafishaji, walinzi, wapakiaji wa maghala, wabeba boksi wenzangu. Ndo haohao wenye gari za pauni elfu mbili. Hii sheria haikuandikwa ili iwaumize hao, naamini hivyo, lakini aliyeandika kwamba siku inaanza saa sita usiku hakuwahi kukaa mezani na mtu wa zamu ya usiku. Wangeweza kusema tu saa 24 toka kamera ya kwanza ikuone, ingekuwa imeisha.

Alafu msaada wa kubadili gari. Kulikuwa na mfuko wa kukusaidia uondoe gari yako chakavu, ulianza na pauni milioni 110 ukaongezwa mpaka milioni 160, unakabidhi gari inaenda kusagwa unapewa mpaka pauni 2,000. Mwanzoni ulikuwa wa wenye kipato cha chini wanaopokea posho fulani za serikali na watu wenye ulemavu, na wafanyabiashara wadogo, baadae Agosti 2023 wakafungua kwa wakazi wote wa London. Wa London. Kuna dada mmoja wa Zanzibar anakaa Erith, tunafanya kazi moja, kuna siku tunapokezana mgonjwa yuleyule, yeye anatoka saa tatu mi naingia. Alikuwa na dizeli ya 2012, mi ya 2013. Yeye posti kodi yake ni ya London akapata pauni 2,000 yake akaongezea akanunua gari nyingine, akaacha kulipa. Mi posti kodi yangu ni ya Kent, sikupata hata senti, nikaendelea kulipa. Na mfuko ulifungwa Septemba 2024 kwa hiyo anayekuja sasa ivi hata akihamia London haukuti tena. Namuonea furaha kabisa yule dada, alistahili, lakini nisaidieni kuelewa, kama lengo ni kuondoa moshi Bexley, dizeli yangu iliyokuwa inaingia Bexley usiku mara tatu kwa wiki ilikuwa na tofauti gani na yake? Kamera haikuuliza nakaa wapi. Mfuko ndo uliuliza.

Watasema panda basi. Nimepanda, mbona. Bexley haina hata stesheni moja ya treni ya chini ya ardhi, Elizabeth line inaishia Abbey Wood, na treni za kawaida zote zinakupeleka katikati ya jiji, hazikutoi mtaa huu kukupeleka mtaa wa pili. Wameleta yale mabasi ya haraka ya Superloop yanayozunguka pembezoni, lile la SL3 linatoka Thamesmead kwenda Bromley kupitia Abbey Wood, Bexleyheath na Sidcup, na ni zuri, nimelipanda mchana nikaenda kwenye shughuli zangu nikafika kwa wakati. Ila kazi yangu sio ya kukaa sehemu moja, saa tatu niko Welling kumlaza mtu, saa nne na nusu niko Erith kumpa mwingine dawa, saa nane usiku mtu kabonyeza kengele Sidcup kaanguka chooni. Na begi la glovu na nepi mgongoni. Mtu wa Hackney au Camden, karibu na katikati ya jiji, akitoka nje anachagua kati ya basi la usiku, treni na baiskeli, huyo pauni 12.50 inamsukuma kweli kuacha gari. Huku inakusukuma wapi? Ni bei moja lakini haifanyi kazi moja.

Kitu kingine kinachoniuma ni hii historia ya dizeli. Mwaka 2001 serikali ya Uingereza ilibadilisha kodi ya barabara ikawa inaangalia gesi ya kaboni, na kwa kuwa dizeli inatoa kaboni kidogo kuliko petroli kwa maili, dizeli ikawa na kodi ndogo, watu wakaambiwa nunueni dizeli mnasaidia mazingira. Mi nilivyonunua yangu muuzaji alinitajia kodi ndogo kama sifa ya kwanza. Baadae mwaka 2015 ikatoka ile kashfa ya Volkswagen, gari milioni 11 duniani zilikuwa na programu ya kudanganya kwenye kipimo, maabarani zinatoa moshi kidogo, barabarani zinatoa mwingi. Kwa hiyo mtu wa mwisho kwenye mnyororo, aliyefuata alichoambiwa na serikali na wenye viwanda, ndo anasimamishwa na kamera. Wakati huohuo petroli ya 2006 inapita bure, na gari ya zaidi ya miaka 40 iliyosajiliwa kama ya kihistoria nayo inapita bure, hata kama ukiwa nyuma yake trafiki jamu macho yanawasha.

Sasa nisieleweke vibaya, maana kuna watu wanapinga ULEZ mpaka wanakata nguzo za kamera na wanasema moshi ni uongo. Hapana. Mi nakaa na watu wenye mapafu yaliyokufa. Nina mzee mmoja analala na mashine ya oksijeni, ile sauti yake, fff, kimya, fff, ndo saa yangu ya ukutani usiku mzima, na ikichelewa kidogo nasimama. Na wote mnajua habari ya yule binti wa Lewisham, Ella Adoo-Kissi-Debrah, alikuwa anakaa karibu na South Circular, akafariki Februari 2013 ana miaka 9, na Desemba 2020 mchunguzi wa vifo akatamka kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake. Mama yake alipigania miaka yote hiyo lisemwe. Ukishasoma hilo huwezi kuniambia tuache tu. Na katikati ya jiji matokeo yalionekana, nitrojeni dayoksaidi, ile gesi chafu ya moshi wa gari, barabarani ilishuka karibu nusu ukilinganisha na ambavyo ingekuwa bila ULEZ. Ndo maana nimetoa nyota mbili, na zote mbili ni za katikati ya jiji.

Pembezoni ndo mashaka yangu yalipo. Tathmini iliyoandaliwa kabla ya upanuzi wenyewe ilisema kwenye vumbi laini, lile linaloingia mpaka ndani kabisa ya mapafu, mabadiliko yangekuwa madogo mno. Sababu yake sio ngumu kuielewa, wao wenyewe walikuwa wanatangaza kwamba gari tisa kati ya kumi zinazoonekana pembezoni tayari zinakidhi kiwango, sasa ukibaki unamkamua yule mmoja utapata hewa safi kiasi gani zaidi? Na vumbi laini la magari sehemu kubwa linatoka kwenye breki na matairi, hilo hata gari ya umeme inalo. Walipouliza maoni 2022 zaidi ya nusu ya waliojibu walikataa upanuzi. Nami nilijaza, niliandika habari ya zamu za usiku kwa urefu kabisa. Haikubadilika kitu.

Na dizeli yangu iko wapi sasa? Niliiuza mwaka jana kwa pauni 900, aliyenunua ni mfanyabiashara wa magari, sitamtaja, aliniambia bila kuficha kwamba anaipeleka kaskazini. Kwa sababu nje ya London inategemea mji. Birmingham wanatoza pauni 8 kwa gari ya mtu binafsi, Bristol 9, Bath hawaigusi gari binafsi, Glasgow wao hawatozi wanakupiga marufuku na faini kabisa, na Manchester mpango wa kutoza uliwekwa kando baada ya watu kuja juu, Januari 2025 serikali kuu ikakubali wasitoze kabisa. Kwa hiyo moshi uleule ulioonekana ni sumu kwa mtoto wa Bexley unaruhusiwa kuvutwa na mtoto wa Manchester. Ningekuwa nimeipeleka nyumbani nako ni hivyohivyo, Mombasa wangeikataa kwa kuwa Kenya hawapokei gari ya zaidi ya miaka 8, Uganda toka 2018 mwisho ni 15, ila Dar ingeshuka tu bandarini, ningelipa kodi ya uchakavu nikaondoka nayo. Kaka yangu aliniomba kweli nimtumie. Anakaa Mbagala, barabara yake ina daladala na malori usiku na mchana, ana watoto watatu. Nilikataa, akanuna wiki mbili, lakini ningewezaje kumtumia kitu ambacho huku natozwa kwa sababu kinaharibu mapafu?

Sasa ivi naendesha petroli ya 2010, imenigharimu pauni 2,400, ya mkopo, nimebakiza miezi saba. Silipi tena ULEZ. Ila toka Aprili 2025 nikitaka kwenda upande wa kaskazini ya mto mchana kupitia njia ya chini ya mto ya Blackwall nalipa, ile mpya ya Silvertown nayo nalipa, na Dartford Crossing, kivuko cha kule kwetu Dartford, mchana nalipa, yani mtu wa kusini mashariki akitaka kuvuka mto na gari karibu amezungukwa.

Kwa anayekuja kuanza kazi upande huu: nunua petroli ya 2006 kuendelea, dizeli usiiguse chini ya Septemba 2015 hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Ukilazimika kulipa jisajili malipo ya kujikata siku hiyohiyo. Ukiwa wa usiku waulize kwenye usaili kama wanakurudishia ile ya 12.50 mara mbili, kuna waajiri wanarudisha na kuna wasiorudisha, na wengi wetu hatuulizi tunaona aibu. Na wakifungua tena fomu ya maoni ntaijaza tena, mambo mawili tu: siku ihesabiwe toka kamera ya kwanza, na msaada wa gari umfuate mtu pale anapofanyia kazi, sio pale anapolala.